Sabuni Iliyozaliwa Magandu

Msiniulize jina la nchi. Nilipokuwa natoka, askari wa getini aliniuliza kama nimebeba kitu chochote cha taifa, nikasema hapana, na mimi sipendi kusema uongo kwa askari. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri. Ina bendera, ina mvua nyingi, na ina mawaziri wengi kuliko mvua. Katika kutangatanga kwangu nimeona nchi zinazowapenda wageni na nchi zinazowafukuza, lakini hiyo ndiyo nchi ya kwanza niliyoiona ikiwapenda wenyeji mpaka ikaanza kuwatengeneza.

Ilianza na Sheria ya Uzawa. Mheshimiwa Balangati, Waziri wa Uzawa na Mambo ya Kwetu, aliingia redioni akatangaza kwamba taifa limechoka.

"Ndugu wananchi! Tumechoka kunywa wageni! Tumechoka kuvaa wageni! Tumechoka kujipaka wageni mwilini! Kuanzia sasa, bidhaa yoyote isiyo na mama, isiyo na ukoo, isiyo na mahali kilipozikwa kitovu chake, haivuki mpaka wetu!"

Watu walipiga makofi barabarani. Hata mimi nilipiga, na mimi si wa huko.

Mlidhani kampuni za ng'ambo zitanuna? Mkubwa hanuni. Hazikuondoka, wala hazikubadilisha hata kifuniko cha chupa. Zilileta vitu vilevile, safari hii ili vizaliwe. Na pa kuzalia palikuwa Magandu, mji wa mpakani, ambako Wizara ilifungua Ofisi ya Uzawa ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kile kilikuwa cha wananchi. Kilikufa pale sabuni ya ng'ambo ilipoanza kuuzwa kwa bei ya karanga. Mheshimiwa alieleza kwamba uzawa unapaswa kukaa mahali penye historia, na kwa kweli kuta bado zilikuwa zinanuka mawese.

Mambo niliyoyaona pale siku za mwanzo, nikikumbuka hadi leo nasisimka. Kulikuwa na simu ya mkononi iliyopelekwa jando porini wiki nzima. Ilirudi imeisha chaji, wazee wakasema imekomaa. Kulikuwa na soda nyekundu kutoka nchi ya theluji, iliyosailiwa kuhusu babu zake. Wakili wake akajibu, na ofisa akaisifu soda kwa kutoingilia wakubwa wakiongea. Gari moja jipya lilifanyiwa tambiko, likavujisha mafuta, wakasema limekubaliwa na mizimu. Wote hao walipewa vyeti vya uzawa. Mimi nilikuwa nje, natengeneza miavuli ya waliopanga foleni.

*

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Lugiko. Jina alilopewa na baba yake sikulisikia hata mara moja. Kwa Wakole, kabila lake, mwanamke akishazaa jina la usichana linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Yeye alikuwa na huyo mmoja tu, hivyo alikuwa Mama Lugiko kuanzia mlangoni hadi jikoni.

Lugiko alikuwa mkata sabuni kwenye kile kiwanda. Kilipokufa, alivuka mpaka akaenda nchi jirani kutafuta kazi, akaipata, na kazi yenyewe ikawa ya aina ile ambayo ukiomba ruhusa ya kwenda kumsalimu mama yako, unarudi unamkuta mwenzako amevaa koti lako. Kwa hiyo hakuwa amerudi.

"Mimi sina shida," mama aliniambia siku ya kwanza, huku anakohoa kwenye upindo wa kanga. "Nyumba ninayo. Mahindi ninayo. Kifua hiki ndicho kinanikumbusha kwamba sitakaa sana. Nataka Lugiko arudi anizike, basi. Kwetu mtu akishushwa bila mwanawe kumrushia udongo wa kwanza, hajazikwa huyo. Amefukiwa."

Hilo ndilo alilolitaka. Sikumsikia akitaka kingine mpaka mwisho.

Rafiki yake mkubwa alikuwa muuza mkaa, Bi. Sikudhani. Huyu alikuwa Mtambi, na Watambi ni watani wa Wakole. Zamani walipigana, wakachoka, wakaachiana matusi yawe urithi wa wajukuu. Mtambi anaweza kumtukana Mkole hata mbele ya hakimu, na hakimu atacheka. Lakini Mkole akifa, Mtambi ndiye mchimba kaburi, na asipotaka yeye, maiti haishuki. Hata serikali ile, yenye sheria mpaka za kivuli, haikuwahi kumgusa mtani aliye kazini msibani.

"Hodi kwa wala panzi!" Bi. Sikudhani alikuwa akiita kila asubuhi.

"Pita, Mtambi usiye na haya. Nani kakufungulia zizi?"

"Nimekuja kuangalia kama umekufa. Ardhi yenu ngumu kama roho zenu, lazima nianze kuchimba mapema."

"Sifi. Lugiko hajarudi."

"Unanichelewesha tu. Jembe langu linaota kutu kwa ajili yako."

Halafu anamwachia kopo la mkaa bure, anaondoka huku anatukana.

*

Alasiri moja alikuja kijana nadhifu, viatu vinalia kama vifaranga. Bwana Deusdedit, mzaliwa wa Magandu hapohapo. Kampuni kubwa ya ng'ambo ilikuwa imempa cheo cha Meneja wa Asili. Kampuni hiyo ilikuwa na sabuni yenye jina ambalo huwezi kulitamka bila kupiga chafya, na Ofisi ya Uzawa ilikuwa imeikataa kwa kukosa mama. Deusdedit alikuja na mpiga picha, na Ofisa Tibenda wa Uzawa akiwa na mhuri wake, na Deusdedit mwenyewe mikononi amebeba kitu kimefunikwa kitenge, anakitikisa polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyo anaumwa?"

"Hapana, mama. Mzima. Tatizo hana kwao."

Sasa sikilizeni. Kwa Wakole, mtoto akiletwa mapajani hakataliwi. Awe wa adui, awe wa mwizi. Mwanamke akishampakata, amemzaa, na wa kumkana baadaye hayupo. Ndiyo maana mama yule alinyoosha mikono kabla hajaangalia. Kwingine kote nilikopita, mtu angefunua kwanza. Yeye alipakata kwanza, akafunua baadaye, na ndani ya kitenge kulikuwa na boksi la sabuni.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Jamani! Mtoto gani ana pembe nane?"

"Mpakate hivyohivyo, mama, tupige picha."

"Nyie watu wa sabuni," akasema, bado anacheka, boksi mapajani, "huko kwenye viwanda vyenu hamkukutana na Lugiko wangu? Mrefu, ana kovu hapa."

"Mama, kampuni yetu iko kila nchi."

"Kwa hiyo mtaniletea?"

"Kampuni yetu," alisema Deusdedit kwa upole mkubwa, "iko kila nchi."

Mama alisikia ndiyo. Nilikuwepo, na mimi pia nilisikia ndiyo. Kijana alikuwa na sauti nzuri.

Tibenda akagonga mhuri. Kisha akauliza, kwa adabu, "Vitovu huwa mnazika wapi hapa?" Mama akaonyesha nyuma ya nyumba, kando ya jiwe la kusagia, mahali alipozika cha Lugiko. Wakakata kamba ya boksi kwa wembe mpya, wakaizika hapohapo, Deusdedit akajifuta jicho kwa leso. Bi. Sikudhani, aliyekuwa amepita na mkaa, akauliza kama wanataka na kondo la nyuma waletewe.

Baada ya hapo sabuni ikaitwa Mwanetu. Ukutani, kwenye mabango, kwenye mabasi: *Mwanetu: Damu Yetu, Povu Letu.* Picha ya mama ilikuwa kwenye kila karatasi ya mche, anacheka, na waliichora kidogo ili asionekane anakohoa.

Wizara nayo ikatoa agizo kwamba katika ofisi zote za umma aitwe Mama Mwanetu, kwa heshima. Siku aliyokwenda zahanati kutafuta dawa ya kifua, nilimsindikiza. Muuguzi akatoka, akaita, "Mama Mwanetu! Mama Mwanetu!" Watu wakatazamana. Nikamgusa bega.

"Nenda, mama, wanakuita wewe."

"Hawajaniita," alisema. "Mimi ni Mama Lugiko. Nikiitikia jina jingine, yeye akiniita nitasikiaje?"

Alikaa kwenye benchi mpaka dirisha la dawa likafungwa.

*

Masika ilipokolea, Lugiko alipiga simu kwa Bi. Sikudhani, maana mama hakuwa na simu. Bi. Sikudhani akampelekea mama simu, wakaongea. Yeye huko akasikia kile kikohozi, akasema amechoka kuogopa, anakuja Ijumaa, kazi ikipotea ipotee.

Ijumaa mama alivaa kanga ya njano, akapika wali na mbaazi, akaziba sufuria kwa jani la mgomba. Tulipofika mpakani tukakuta tarumbeta, zulia jekundu, na Mheshimiwa Balangati mwenyewe chini ya mwavuli niliomtengenezea. Mama akanishika mkono. "Haya yote kwa Lugiko?" aliniuliza. Mimi nilikuwa nimeliona lori.

Lilikuwa lori la kwanza la Mwanetu, limefungwa maua mbele. Lilipokanyaga zulia, Mheshimiwa alifungua mikono.

"Karibu nyumbani, mwana wa nchi! Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Huyu hakuiacha! Walisema, damu nzito kuliko maji. Nami nawaambia, povu ni zito kuliko vyote viwili!"

Tarumbeta zikalia. Lori likapita bila kupekuliwa, kwa sababu mtoto hapekuliwi kwao. Nyuma yake, kwa miguu, begi begani, alikuja mwanamume mrefu mwenye koti la kazi. Mama alipiga yowe, akaanza kukimbia na sufuria.

Boriti la mpaka likashuka.

"Jina?" aliuliza Ofisa Tibenda.

"Lugiko."

"Mama yako?"

"Yule pale, mwenye kanga ya njano."

Tibenda akageuka, akamwona, akakunja uso kama mtu aliyedanganywa. "Yule ni Mama Mwanetu."

"Ndiye. Mimi mwanawe."

"Mwanawe amepita sasa hivi. Kwa lori."

"Kaka, ile ni sabuni. Nimeikata mimi kwa mikono hii. Hata lori nimelipakia mimi."

"Ahaa! Kwa hiyo unakiri ulikuwa nje ya nchi."

"Na sabuni je? Haikuwa nje?"

"Sabuni haikuwa nje," alisema Tibenda. "Ilikuwa safarini." Akafungua kitabu chake. "Kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, kando ya jiwe la kusagia."

Tibenda akashuka na kidole taratibu, akatingisha kichwa. "Hapo pana mtu."

Mama alikuwa amefika, anahema. "We Tibenda! Si ulikula kwangu wewe? Huyu nimemzaa! Nimemzaa kwa uchungu, siku mbili, muulize Sikudhani!"

"Mama, sikatai. Lakini yule ulimpakata mwenyewe, kwa hiari, mbele ya macho yangu. Wakole mnasema aliyepakatwa hakanwi. Au unataka niandike kwamba Wakole ni waongo?"

Mama aliiweka sufuria chini. Nilimwona anavyolitafuta neno. Kumkana yule ni kukana mila, na mila ndiyo pekee iliyokuwa inasema huyu mrefu ni wake.

"Sijamkana," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Nasema ninao wawili."

"Sheria inampa kitovu mtu mmoja."

"Haya, nivushe mimi. Niende nikae kwake."

"Wewe?" Tibenda alishtuka kweli. "Mama, wewe ni asili ya bidhaa ya taifa! Asili haitolewi nje bila kibali cha Baraza la Mawaziri."

Basi wakasimama, boriti katikati. Mama akamshika mikono.

"Mikono yako imekuwaje hii?"

"Magadi, mama."

"Hawawapi glavu?"

"Wanatupa. Zinatoboka."

"Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda."

Alitaka kumpa ile sufuria. Askari akasema wali ni chakula cha asili, usafirishaji wake unataka kibali. Kisha akaitazama mikono yao, akasema, si kwa ukali, "Jamani, mnashikana kimataifa. Achianeni kidogo, Mheshimiwa anapita."

Wakaachiana. Mheshimiwa akapita. Boriti lilipoinuliwa kwa ajili ya gari lake, Lugiko alipiga hatua moja mbele, akasukumwa nyuma kwa kitako cha bunduki. Jioni basi la kurudi lilipopiga honi, aliondoka, kwa sababu hapakuwa na pa kulala upande wowote.

*

Mama hakukaa kimya. Alikwenda Ofisi ya Uzawa, akaambiwa asubiri Mheshimiwa aje, akasubiri. Mheshimiwa alipokuja alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kochi, akamwagizia soda mzawa.

"Mama yetu," alisema, "mbona unalia? Ulikuwa na mtoto mmoja, tena mzururaji. Serikali yako imekupa mamilioni. Kila duka, kila bafu, kila beseni, wanao! Nani katika historia amewahi kubarikiwa uzazi kama wako?"

"Mheshimiwa," alisema Mama Lugiko, "hao hawaniiti mama."

Mheshimiwa aliguswa. Aliahidi kulifanyia kazi, na, msije mkasema viongozi wa huko hawatimizi ahadi, alilifanyia. Toleo jipya la Mwanetu lilitoka na maandishi makubwa juu ya picha yake: *SHIKAMOO MAMA.*

Aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaomba tena, labda nimeruka jina.

Baada ya hapo kifua kikamlaza. Bi. Sikudhani alihamia pale na gunia lake la mkaa, akawa anamchemshia maji na kumtukana asubuhi hadi jioni.

"Usinishushe bila yeye, Mtambi," mama alimwambia.

"Nani kakudanganya nitakuchimbia? Mgongo unaniuma. Jichimbie mwenyewe, mla panzi we." Akageukia ukutani, akajifuta uso kwa mikono yenye mkaa, akatokea na mistari kama pundamilia, na mama akacheka mara ya mwisho.

Alikufa asubuhi, mvua inanyesha. Bi. Sikudhani alikwenda mwenyewe mpakani kumwombea Lugiko njia. Tibenda akampa pole nyingi, akamweleza kwamba marehemu ana mtoto aliyeandikishwa, na mtoto huyo tayari ameshajulishwa.

*

Mazishi yalikuwa ya kitaifa. Walileta mahema, vipaza sauti, na viti vyenye vitambaa. Kiti cha mtoto wa marehemu, mbele kabisa, kilikaliwa na boksi la Mwanetu, limevishwa kitambaa cheusi. Bwana Deusdedit alisimama nyuma yake, miwani ya giza usoni, mkono juu ya boksi, kama mjomba. Viongozi walipita mmojammoja kulitolea pole. Mheshimiwa alisema maneno mengi kuhusu usafi.

Walipobeba jeneza, wakamkuta Bi. Sikudhani amekaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani, jembe mapajani.

"Marehemu ana mtoto?" akauliza kwa sauti ya kazi.

"Yupo," alisema Tibenda, akaonyesha.

"Mbona halii?"

Viongozi wakalitazama boksi.

"Mimi mtani. Nimekuja kumzika Mkole, na Mkole haendi bila mwanawe kumlilia. Leteni machozi, nitoke hapa."

Mheshimiwa aliinama karibu. "Bibi, tunaiheshimu sana mila, lakini kutokana na mazingira..."

"We kitambi, mila ni yenu au si yenu?"

Wazee wote wa Kikole waliangua kicheko, kwa sababu mtani akitukana msibani lazima ucheke, ni sheria ya zamani kuliko Wizara. Mheshimiwa naye akalazimika kucheka. "Ni... ni yetu."

"Na huyo hapo ni mtoto au si mtoto?"

"Mtoto halali. Ana cheti."

"Basi alie."

Wakakaa kikao chini ya hema. Kwanza wakamtoa wakili wa kampuni alie kwa niaba. Alilia vizuri tu, lakini Bi. Sikudhani akamuuliza, "Wewe nani kakufia?" akarudi kukaa. Kisha Deusdedit akamimina maji kidogo juu ya boksi, akalisugua kwa leso, mpaka likaanza kutoa kitu cheupe pembeni.

"Amelia!" alisema.

"Hilo povu. Hata mbwa mwenye kichaa hutoa povu."

Mvua ikarudi. Jeneza lilikuwa kwenye mabega ya watu, mabega yanatetemeka, mimi nikiwa mmoja wao. Mheshimiwa akatazama saa. Ndipo Bi. Sikudhani akainuka, matope hadi magotini, akaenda mpaka kwenye kile kiti, akavuta kipaza sauti karibu, akatoa simu yake kifuani. Alibonyeza, akasubiri, kisha akailaza juu ya boksi.

"Haya, mwana wa Mama Lugiko," alisema, na hapo utani ulikuwa umemtoka sautini. "Tuko kaburini. Mlilie mama yako, nimshushe."

Vipaza sauti vikatoa mngurumo wa mashine. Mashine ikawa mbali, kama mtu amesogea nyuma ya ukuta. Halafu tukasikia, "Mama." Mara moja tu, kama mtu anayeita kutoka uani kuuliza kitu kiko wapi.

Halafu akalia. Mimi nimezunguka, nimesikia watu wakilia kwa lugha nyingi, na sijui kukiandika kile kilio. Kilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya serikali, kikaenda mpaka sokoni, na watu waliokuwa wanapima mchele waliweka chini vibaba. Bi. Sikudhani alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia ule uchafu wote, simu na sabuni na kitambaa cheusi, anasema, "Ee baba, ee baba, ndiyo hivyo baba."

"Imelia!" alipiga kelele Ofisa Tibenda. "Mheshimiwa, imelia!"

Watu wa mbele wakapiga makofi. Kaburi likapokea. Udongo wa kwanza waliuweka juu ya boksi, wakaliinamisha.

*

Haukupita muda, kilio kile kikaanza kusikika redioni, kati ya taarifa ya habari na salamu za wagonjwa. Walikuwa wamekirekodi. Kilio kidogo, halafu sauti nyororo ya mwanamke: *Mwanetu. Sabuni pekee inayomlilia mama.* Iliuzika mno. Nyumba ya marehemu ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu, jiwe la kusagia likazungushiwa mnyororo, nami nikaombwa nitoe miavuli yangu.

Nilivuka mpaka bila kusumbuliwa. Mgeni wa kweli, huko, hana tatizo na mtu.

Nilifika mji wenye kile kiwanda, nikamuulizia Lugiko, nikaonyeshwa mgahawa wa wafanyakazi nje ya geti. Alikuwa anakula maharage. Redio ilikuwa ukutani, na hapo mpakani mawimbi hayana cheti, kwa hiyo tangazo lilipita tukiwa tumekaa. Kilio, kisha yule mwanamke. Wenzake waliendelea kutafuna. Mmoja akasema huyu mwigizaji anajua kazi. Lugiko aliinamia sahani mpaka likaisha.

"Wewe ndiye mpangaji wa mama?" aliniuliza.

"Ndimi."

Alisogeza maharage kwa kijiko. "Walimwosha kwa sabuni gani?"

Ningependa kuwa na jibu jingine. "Hiyohiyo. Dukani hapakuwa na nyingine. Mimi ndiye niliyetumwa."

"Mche mpya?"

"Mpya. Mzima."

"Ilitoa povu?"

"Wanawake walisema ilitoa vizuri. Walisema ni laini, haikumkwaruza."

Aliitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Ndani ya geti kengele ya zamu ilikuwa imeanza kulia, na wenzake wanajipanga. Akainuka, akalifunga koti mpaka kifungo cha juu, akaenda kukata sabuni.